Pampu ya Dohani Juu ya Kochi

Jumatatu, 3 Machi

Bosi katuita. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kipimwe moshi, tujue una madini ya risasi na zebaki kiasi gani. Atakayepima vizuri ndiye mkuu mpya wa kikosi chetu cha wapima hewa. Miwani, mshindani wangu, akataka kujitolea. Nikamwahi! Nikasema napanda mimi. Kisha nikaiona dohani yenyewe, ule mnara wa kutolea moshi. Mama yangu! Inatakiwa uchomeke bomba kule juu, pampu iuvute moshi kupitia chujio kwa masaa matatu. Sijafika hata nusu ya ngazi, nimeshuka kinyumenyume.

Nimepata wazo. Pampu nimeiwasha sebuleni kwangu, mdomo wake nimeulaza juu ya kochi. Hewa safi, majibu safi, kiwanda kitafurahi, na shingo yangu salama. Mke wangu kauliza lidude gani hilo linanguruma. Nimemwambia ni siri ya serikali. Kasema basi walau nivue ovaroli ya viwandani kabla ya kujilaza kwenye kochi. Nivue? Mtaa mzima unaniheshimu kwa ovaroli hii!

Alhamisi, 6 Machi

Majibu ya chujio yametoka maabara. Risasi imepita kiwango mara nane! Bosi kanikumbatia, kanipa ukuu papo hapo. Miwani kanuna. Ofisi nzima inanipigia makofi. Mara nane, kwenye kochi langu! Mwanangu anatambaa pale, kitambaa cha kochi anakilamba! Nimekimbia nyumbani nikamweleza mke wangu kila kitu. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Kambeba mtoto, tukaenda hospitali.

Ijumaa, 7 Machi

Risasi imo kwenye damu ya mtoto. Nimelia mbele za watu, sikuona hata aibu. Daktari kanituliza: bado ni kidogo, isipoongezeka atakuwa salama. Kisha akauliza kazi yangu, akanitazama kuanzia kola hadi miguuni, akasema vumbi la viwandani nalibeba mwenyewe kwenye nguo na kulileta nyumbani. Madaktari bwana! Ovaroli naikung'uta kila siku, tena pale pale mlangoni. Tatizo ni kochi. Nimelitupa. Mke wangu kamchukua mtoto, kahamia kwa mama yake.

Jumapili, 9 Machi

Kiwanda kimeyakana majibu. Bosi kaagiza mkuu mpya apande tena, kesho alete chujio jingine. Nipande? Thubutu! Mama mkwe ana sebule inayong'aa, na kochi lake bado liko kwenye nailoni. Nimekwenda kuomba radhi, pampu mkononi, ovaroli mwilini, aone kwamba binti yake kaolewa na mkuu wa kikosi. Mke wangu katoka kwenda dukani. Mama mkwe kanikaribisha shingo upande. Nimeketi. Mtoto kuniona tu, kacheka, katambaa mbio hadi mapajani kwangu.