Siku Siraje Alipomwita Panda

Tegeni masikio, enyi wa Kyebando na enyi wa Kansanga mlio mbali, mpate habari za Siraje bin Abudu, simba wa steji ya boda, asiyeogopa tope wala trafiki, na vita alivyopigana Jumatano saa tisa alasiri katika banda la michezo ya video la Uthman.

Adui yake alikuwa Kidega, askari wa lango, bwana wa Kangaruu. Maana katika mchezo wa Kijapani walioucheza humo wanyama hupigana ngumi na mateke kama watu, na Kangaruu alikuwa amekwisha kumwangusha Siraje mara kumi na moja mfululizo. Sheria ya Uthman haikuwa na huruma: ashindwaye mara ya kumi na mbili haketi tena kitini mpaka Idi. Idi ilikuwa bado miezi mitano. Tena, jina la mpiganaji likishatamkwa kitini Uthman humbofya, na halirudi.

Siraje akaketi, moyoni amemkusudia Chui mwepesi. Papo hapo mteja wake, Mama Lamwaka, akachungulia mlangoni na furushi la nguo.

"Ssebo, bwana, tunaenda soko la Owino ama hatuendi?"

"Panda, mama, nakuja!"

Uthman akabofya. Kwenye skrini akatokea Panda, mnene, mzito, ambaye hakuna aliyemchagua tangu banda lifunguliwe.

"Wallahi, mimi naambia mama apande pikipiki!"

"Umesema panda," akahukumu Uthman. "Panda huyo."

Kidega akacheka hadi akakohoa. "Bwana Siraje, lete huyo mto nilalie!"

Kangaruu akaruka, akatandika, hata uhai wa Panda ukabaki unywele. Siraje, asiyejua kitufe hata kimoja cha mnyama yule, akabonyeza chini. Panda akaketi kitako. Teke likapita juu.

"Simama, wewe!" Siraje akamfokea Panda. "Hii ni vita ama pikiniki?"

Siraje akavikandamiza vitufe vyote kwa kiganja. Panda akainuka, kichwa kikamkuta Kangaruu tumboni, angani. Mara nne Kidega, asiyejua vita ila vya kuruka, akaruka. Mara nne kichwa kikamngoja. Kangaruu akalala.

"Hukumchagua!" akalalama Kidega.

"Nilimwita," akasema Siraje, "akaja."

Nje sauti ikapaa: "Ssebo! Nimepanda. Sasa pikipiki itajiendesha?"

Basi na ijulikane kwa vizazi: saa tisa na dakika kumi na nne Siraje bin Abudu alikiokoa kiti chake kwa unywele mmoja, Uthman akaiandika tarehe ukutani kwa mkaa, na shujaa akatoka kifua mbele kumpeleka mama sokoni. Hadi wanafika Owino alikuwa amemsimulia vita vile mara nne, na mara ya nne Kangaruu walikuwa wawili.