Kaimu Tabibu wa Pango la Zimwi

Inatangazwa kwa furaha kubwa, na furaha hiyo imeidhinishwa, kwamba Wizara imegundua chanzo cha uzembe kazini. Si mishahara, si viti vibovu, wala si mabosi. Ni upungufu wa michezo ya kompyuta. Kwa hiyo kila idara itaunda kikosi cha watu wanne, kiingie katika mchezo uitwao Pango la Zimwi, na kiliue Zimwi hilo mbele ya Waziri na umma. Mkurugenzi ambaye kikosi chake kitafaulu atapandishwa kuwa Mkurugenzi Mkuu. Zimwi lenyewe halikuulizwa maoni yake, lakini muda wa kutoa maoni ulishapita.

Idara ya Maombi Yanayosubiri iliupokea waraka huo kwa shangwe. Ni idara yenye sifa zake. Tangu ianzishwe haijapoteza ombi hata moja, na haijajibu hata moja pia, maana ombi likijibiwa halisubiri tena, na idara itakuwa imevuka mipaka ya jina lake.

Humo alikuwamo kijana mmoja mpole, mwenye tai fupi, aliyekuwa Kaimu Afisa Maombi kwa miaka minane. Watu walishasahau jina lake. Hata mama yake akipakua chakula aliita, "Kaimu, njoo ule kabla hakijapoa!" Kazi yake ilikuwa kupokea. Kuidhinisha ni kazi ya afisa aliyethibitishwa, na yeye hakuwa amethibitishwa, kwa sababu Mkurugenzi alikuwa bado anatafuta kalamu. Kaimu hakulalamika. Aliuamini utaratibu kama watu wengine wanavyoiamini dawa ya kikohozi.

Sasa, jamani, Kaimu alikuwa na mchumba, fundi cherehani mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, na mchumba huyo ana baba. Baba alishatoa neno lake, na ni mzee asiyerudia.

"Binti yangu aolewe na kaimu? Si atakuwa kaimu mume! Siku akija mwenye cheo chenyewe, huyu si atampisha kiti?"

Kaimu alimpenda yule binti mpaka akawa anakosa usingizi mchana, kazini, mahali ambapo wenzake wote walilala vizuri.

Kamati ya Kugawa Wahusika ilikutana Jumatatu. Fundi wa kompyuta alieleza kwamba katika mchezo ule kuna shujaa wa taji na upanga, kuna mchawi, kuna jambazi wa kunyatia, na kuna tabibu wa kuwaponya wenzake, na kwamba kikosi kizuri ni cha mchanganyiko. Mkurugenzi alimshukuru sana, akajichukulia shujaa. Mwanasheria akasema kwa ngazi yake hawezi kuvaa kitu kilicho chini ya taji, naye akawa shujaa. Mhasibu aliukataa ujambazi kwa ukali uliowashangaza wote, maana hakuna aliyekuwa amempendekeza. Akapewa ushujaa ili anyamaze.

"Na wa kutuponya?" Mwanasheria aliuliza.

Wote wakageuka kumtazama Kaimu, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa kukosa kiti.

"Kaimu Tabibu," Mkurugenzi akatamka. "Kuponya watu ni kazi ya kuinamainama. Inakufaa."

Likabaki suala la vifaa. Fundi akasema mchezo ni mzito, kwa hiyo jambo la kwanza ni kadi ya picha yenye nguvu, ili mchezo usigande, halafu kumbukumbu ya kutosha, na feni za kupoza.

"Hiyo kadi inakaa wapi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ndani, mkuu."

"Mgeni rasmi ataiona?"

"Haionekani, mkuu, mpaka ufungue kasha."

"Sasa tunaiweka ili aione nani?"

Kamati ikaazimia kwamba kitu kisichoonekana na mgeni rasmi si cha lazima. Badala yake zikaagizwa taa za rangi saba zinazozunguka, viti vya ngozi vya kuegemeza shingo, na mto mdogo wa mahameli wa kupumzishia kipanya cha Mkurugenzi. Kaimu, kwa kuwa hajathibitishwa, hakustahili kompyuta. Akaambiwa aje na yake.

Hakuwa nayo. Mchumba alikuwa nayo. Katika chumba chake cha kushonea, chini ya meza ya kukatia vitambaa, lilikaa kasha lisilo na mfuniko, nyaya nje nje, likipepewa na feni ya mezani. Lilikuwa baya, tusifichane, lakini ndani yake ilikuwamo kadi ya picha ambayo bibie aliinunua badala ya kitanda. Kila jioni akimaliza kushona aliingia pangoni, na humo alikuwa tabibu wa kuogopwa.

"Sikiliza, Kaimu," alimwambia, amemshika kidole juu ya kitufe. "Shujaa kazi yake kelele. Roho yake iko hapa, kwenye hiki kidole. Ukibonyeza, anaishi. Usipobonyeza, taji ataliokota mwingine."

"Nabonyeza kwa idhini ya nani?"

Bibie alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Kaimu hakuona cha kuchekesha. Lilikuwa swali la utaratibu.

Siku ikafika. Waziri alikaa mbele, na kwa kuwa ukumbi ulitakiwa ujae, Mkurugenzi aliagiza foleni yote ya waombaji ihamie humo bila mtu kupoteza nafasi yake. Wakaja na bahasha zao kwapani. Fundi cherehani alikuja na baba yake, aliyekunja mikono tangu mlangoni.

"Mheshimiwa Waziri, karibu sana!" Mkurugenzi alinguruma kwenye kipaza sauti. "Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Makofi yakapigwa, taa za rangi saba zikazunguka, mashujaa watatu wakatokea kwenye skrini kubwa. Walipiga hatua moja, wakaganda. Wakapiga nyingine, wakaganda. Mkurugenzi alifika wa kwanza kwenye mlango wa pango, akakwama hapohapo mguu ukiwa hewani, na Mwanasheria na Mhasibu wakasimama nyuma yake kwa heshima, maana nani ampite mkubwa wake mlangoni?

Zimwi halikujua itifaki. Likatoka lenyewe. Husemwa kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini hili halikumjua mtu. Liliwameza Mwanasheria na Mhasibu kwa mkupuo, kisha likamkalia Mkurugenzi na kuanza kumtafuna. Mstari wake wa uhai ukaanza kufupika, ukumbi mzima ukitazama.

"Tabibu!" Mkurugenzi alipaza sauti. "Niponye!"

Kaimu alikuwa na kidole juu ya kitufe. Mchezo kwake, kwenye kasha aliloazimwa na mchumba, ulikuwa ukiteleza vizuri. Alitaka kubonyeza, wallahi alitaka. Ila kidole nacho kilikuwa cha kaimu.

"Ombi lako limepokelewa, mkuu," alisema.

"Unasemaje?"

"Limepokelewa, mkuu. Linashughulikiwa."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mwingine akacheka. Halafu ukumbi mzima ukalipuka.

"We Kaimu! Bonyeza hicho kidude!"

"Kupokea napokea, mkuu. Kuidhinisha ni mpaka afisa aliyethibitishwa. Waraka unaosema hivyo ni wako mwenyewe, nimeuhifadhi kichwani." Hakuwa akitania hata kidogo, na hilo ndilo lililowamaliza watu mbavu.

"Mvumilivu hula mbivu, mzee!" mama mmoja mwenye bahasha alipiga kelele.

"Mwenye faili ametoka kidogo!"

"Leta picha mbili za pasipoti!"

Waziri alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Mkurugenzi aliuona ukurugenzi mkuu ukitafunwa mguu kwa mguu.

"Nakuthibitisha! Haya, nimekuthibitisha!"

"Kwa mdomo, mkuu?"

"Kwa maandishi!" ukumbi ukaitikia.

Kalamu ikapatikana, tena mfukoni mwake mwenyewe. Akabandua tangazo la mashindano ukutani, akaandika nyuma yake kwamba amemthibitisha, akasaini. Waziri akasaini kama shahidi huku akijifuta machozi. Kigelegele kikapigwa safu ya nyuma, na kila mtu aliyewahi kupita karibu na chumba kile cha kushonea alijua ni cha nani.

Afisa Maombi, sasa kamili, aliinyoosha tai yake fupi.

"Sasa naweza kuidhinisha."

"Basi bonyeza!"

"Kwa utaratibu wa kufika, mkuu. Lako ni la leo." Akaugeukia ukumbi. "Nani alitangulia?"

Kwanza hakuna aliyeamini. Halafu yule mama akainuka. Ombi lake la kuunganishiwa maji aliliwasilisha binti yake akiwa anatambaa, na leo binti huyo ndiye aliyemshika mkono kupanda jukwaani. Afisa akalisoma. Halikuwa na kasoro. Halijawahi kuwa na kasoro. Akasaini.

"Limeidhinishwa, mama."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

Mama akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na Afisa akasikia raha ambayo hajawahi kuisikia katika utumishi, raha ya kutaka kurukaruka kama mtoto. Akaita anayefuata. Foleni ikasogea. Ilisogea, jamani! Watu walikanyagana kwa kukosa mazoea. Waziri naye akasimama, akatoa mfukoni karatasi iliyochakaa, ombi la kujenga ukuta aliloliwasilisha kabla hajapata uwaziri.

"Nyuma, mheshimiwa!" watu wakamwambia. "Hukuwa kwenye foleni!" Akaenda nyuma.

Mkurugenzi alikuwa hajafa bado. Kompyuta yake iliyokosa kadi ilikuwa imeganda kabisa, kwa hiyo hata kifo chake kilikuwa kinasubiri. Alilitazama lile Zimwi lenye mguu wake mdomoni, akawatazama watu, akateremka akajipanga nyuma ya Waziri.

Jua lilikuwa limezama alipofika mbele. Afisa aliifunika kalamu.

"Muda wa kazi umekwisha, mkuu."

"Basi kesho, mwanangu. Kesho asubuhi!"

Afisa alitupa jicho safu ya nyuma. Baba yule alikuwa amekunjua mikono, na alikuwa anaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayetia saini.

"Kesho sipo, mkuu. Naoa."

"Sasa nani atakukaimu?"

Afisa akafikiri. Lilikuwa swali la utaratibu, na aliyachukulia kwa uzito maswali ya namna hiyo. Akamwangalia Waziri, Waziri akaafiki. Akamkabidhi Mkurugenzi muhuri wa kupokelea.

"Wewe, mkuu," alisema kwa heshima zote. "Ila kumbuka, kaimu anapokea tu."