Chumba Kinachotazama Bustani

Jumatatu, tarehe 4
Mwanangu anajenga nyumba, humu humu ndani ya bustani yangu. Nimekubali kwa sharti moja: mlango wa chumba changu ufungukie bustanini. Nikiamka, hatua ya kwanza udongoni. Leo kijana mchoraji kaitandaza ramani mezani, kaikandamiza kwa vikombe. Anasema nyumba na bustani lazima zizungumze. Miaka thelathini naizungumzisha mimi, yeye sijawahi kumwona hapa! Akataka kunieleza. Nikamwambia macho ninayo. Nikainama, nikaguna kama hakimu. Lo! Chumba changu kimezungukwa na maduara matupu. Matangi ya maji! Na chumba cha wageni, yaani cha mama yake mkamwana wangu, yule tunayemwita Mama Manukato, kina kitalu kizuri cha pembe nne mbele ya dirisha. Nimeonewa peupe.

Jumanne, tarehe 5
Wakati wa chai nimeshika magoti, nikaugulia. Nikasema chumba changu kiko mbali na bafu, magoti hayawezi safari. Bora nibadilishane na mgeni, mimi sina makuu. Mwanangu akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Mama Manukato akakubali kabla sijafunga mdomo, akanibusu mashavu yote mawili. Mjinga wee! Nimecheka peke yangu jikoni mpaka mwiko ukaanguka.

Alhamisi, tarehe 7
Mafundi wamepiga vigingi na kufunga kamba. Nikasimama katikati ya chumba changu kipya, nikamuuliza fundi kitalu changu kiko wapi. Akasema hapana kitalu hapo, bibi, hapo ni shimo la maji taka. Na yale matangi? Akasema ni miti yako, ndivyo inavyoonekana ukiitazama kutoka juu. Kutoka juu! Mimi kunguru? Mlimau wangu, mpera wangu, yote nimemkabidhi Manukato kwa mdomo wangu mwenyewe! Niseme sikuielewa ramani? Bora nife.

Jumamosi, tarehe 9
Hila ya pili. Nimempa Mama Manukato jembe. Nikamwambia chumba kile kina kazi zake: kumwagilia, kupalilia, kila siku kabla ya jua. Nilijua atakimbia. Wapi! Akavua viatu vya visigino, akajifunga nguo kiunoni, akaingia bustanini anaimba. Mimi kitini, naugulia. Mara namwona anang'oa miche yangu ya nyanya, kadhani magugu! Sikumbuki nilivyoinuka. Wanasema niliruka kamba tatu na rundo la kokoto. Nikampokonya jembe. Mwanangu akauliza magoti yamepona saa ngapi. Mafundi wakatua makarai, wakacheka. Mama Manukato akaketi topeni, machozi ya kicheko yanamtoka. Akasema, mzazi mwenzangu, si ungesema tu? Chukua chumba chako, mimi unifundishe magugu ni yapi. Nikajikaza nisicheke. Nikashindwa.

Mchoraji akakiri kwamba alikiweka chumba changu pale baada ya kuona njia iliyochimbwa na miguu yangu kwenda mlimauni. Nikamwambia ameona vumbi tu. Lakini nimempa malimau sita. Shimo linahamia nyuma ya stoo. Miche tumeipanda upya, mimi na Mama Manukato. Anapanda kombo, ila ana moyo.

Jumatatu, tarehe 11
Mchoraji kaleta ramani mpya, ya chumba changu peke yake, kubwa kama shuka. Maduara yamejaa. Miti yangu! Sasa naijua ramani kuliko yeye. Akataka kunieleza, nikamwambia anywe chai. Nikakagua. Nikakuta kasoro: kwenye ukuta wa bustani kaacha pengo, na pembeni kachora kitu kama robo ya sinia. Uchafu mtupu. Nikaamuru kifutwe, na pengo lizibwe kwa matofali. Kijana akapaliwa na chai. Mkamwana wangu akaniuliza kwa upole, mama, sasa bustanini utatokea wapi?

Watoto wa siku hizi! Nikamjibu: mlangoni.