Shoo Ambayo Kila Mtu Alikuwepo

Mapozi hakuwa na kazi, lakini viatu alikuwa navyo: vyeusi, vya ncha, vinavyong'aa hadi ukiinama unayaona meno yako. Watu wengi walimpa heshima kwa sababu ya viatu vile, na yeye, kwa kuwa hakupenda kumvunja mtu moyo, aliipokea.

Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye mgahawa mmoja wa mjini, chai imepoa mbele yake tangu saa nne asubuhi, anasubiri mjinga apite. Mji wenyewe lazima uelezwe kidogo. Haukuwa mkubwa, haukuwa mdogo. Ulikuwa mji wa katikati, una kiwanda kimoja cha magodoro na benki tatu zinazotazamana. Mwaka uliotangulia, gazeti la mji mkuu liliandika mistari miwili, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la dawa ya mende, kwamba pale kuna muziki mpya unachemka. Mistari miwili tu! Mji ukapata wazimu. Kinyozi akanunua gita. Karani wa idara ya maji akaanza kuvaa kofia ya sufu kwenye jua kali. Mafundi redio, waliokuwa wakizitengeneza vizuri kabisa, wakaacha kuzitengeneza wakawa wanazipiga makofi mbele ya maikrofoni. Wenyewe waliuita muziki huru, na kweli ulikuwa huru: haukuwa chini ya studio, haukuwa chini ya redio, na mara nyingi haukuwa chini ya noti yoyote inayojulikana.

Meza ya jirani walikuwa wamekaa vijana watatu, wanabishana.

"Hilo kundi mimi nimelisikia likipiga muziki gereji. Tulikuwa watu kumi na wawili tu."

"Kumi na wawili? Ulichelewa, ndugu yangu. Mimi nimewasikia tukiwa wanne."

"Wanne? Si wao wenyewe wako watano?"

"Ndiyo. Walituzidi. Utamu wenyewe ndio huo."

Yule wa tatu alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari. Akasema taratibu: "Mimi nilikuwa nawasikia kabla hawajakutana."

Wenzake wakainamisha vichwa kwa adabu.

Mapozi akaweka kikombe chini. Kuna watu hupata wito wao msikitini au kanisani; yeye aliupata pale, karibu na chupa ya pilipili. Kumbe hawa hawanunui muziki! Hawa wananunua kuwepo. Basi atawauzia kuwepo, tena bila kuwasumbua na muziki.

Kikwazo kilikuwa mtaji. Mapozi alilala kwenye kochi la dada yake mkubwa, fundi cherehani, mwenye chumba cha mbele cha kushonea na cha nyuma cha kulala. Katika chumba cha mbele kulikuwa na kitu kimoja tu cha thamani: cherehani nyeusi ya mkono aliyowaachia mama yao. Na wiki hiyo dada alikuwa na oda ya sare thelathini za shule ya msingi. Mwalimu mkuu alimwambia waziwazi: Jumatatu shule inafunguliwa, zisipokuwa tayari, kazi inakwenda kiwandani, mwaka huu na miaka yote.

"Dada," alisema Mapozi, "cherehani hii inalia vibaya. Niipeleke kwa fundi ikatiwe mafuta?"

"Inalia hivyo tangu mama yuko hai."

"Ndiyo maana, dada. Imechoka kulia."

"Irudi kesho."

"Kesho? Leo jioni!"

Akaibeba moja kwa moja hadi kwenye duka la vitu vilivyotumika, akaiweka rehani kati ya friji isiyo na mlango na kiti cha daktari wa meno. Kutoka hapo akaenda kwa mchapaji, akaagiza tiketi za shoo ya msanii anayeitwa Kivuli. Shoo ya siri, watu ishirini tu, tarehe ya mwezi uliopita.

"Mwezi uliopita?" mchapaji akauliza.

"Na uzichane katikati. Nusu moja nitachukua, nusu tupa. Nyingine zimwagie chai."

Mchapaji alikuwa amewachapia wanamuziki wa mji ule vitu vya ajabu zaidi. Akachana.

Kisha Mapozi akamwendea Mchambuzi, bwana mmoja wa skafu aliyeandika kuhusu muziki katika gazeti la mji na ambaye hajawahi kulipa kiingilio maishani mwake.

"Mzee, nilikuona kwa Kivuli. Ulisimama karibu na mlango."

Mchambuzi akasita. "Uliniona?"

"Ulifumba macho."

"Ni kweli," alisema Mchambuzi, anaanza kukumbuka. "Mimi hufumba macho."

Siku mbili baadaye aliandika safu nzima. Alisema Kivuli haimbi, bali anakosekana kwa sauti ya juu. Wasomaji hawakuelewa, kwa hiyo wakaamini. Vipande vya tiketi vikaanza kuuzwa kimyakimya nyuma ya saluni na vyoo vya chuo. Shoo ilikuwa ya watu ishirini. Kufikia Ijumaa waliokuwepo wamefika mia tatu, na wote walisimama mstari wa mbele, isipokuwa Mchambuzi aliyekuwa mlangoni.

Mapozi angeishia hapo, angekuwa tajiri wa kadiri na historia ingekwisha. Lakini akatokea Mwenye Ukumbi. Huyu alikuwa na ghala la saruji, akapaka kuta rangi nyeusi, akaliita nyumba ya sanaa. Ukikohoa mle ndani bado saruji ilitoka.

"Namtaka Kivuli," alisema. "Jumapili, saa kumi jioni."

"Kivuli haimbi kwa ajili ya pesa, bosi."

"Basi nitampa nyingi."

"Hapo labda nimshawishi."

"Ila bahasha naiweka chumba cha msanii, aichukue mwenyewe. Niliwahi kumpa meneja mmoja, nikabaki na msanii analia getini."

Mapozi alikitazama chumba chenyewe. Kilikuwa na kioo, kiti, na dirisha pana linaloangalia uchochoro. Akalipenda sana lile dirisha. Jumapili ataingia saa kumi kasoro kumi kumwona msanii wake. Saa kumi na nusu atakuwa ndani ya basi.

Ili watu wasichunguze, akawapa la kuwashughulisha. Akabandika mlangoni karatasi ya masharti kumi ya Kivuli: taulo saba ambazo hazijawahi kuoshwa, maji ya uvuguvugu ambayo hayajawahi kuwa moto, mtu mwenye mluzi asikae mbele, na upuuzi mwingine wa namna hiyo. Vijana wakaja kupiga picha ile karatasi. Mmoja alilia.

Halafu akataka gauni la kuning'iniza ukumbini. Akamwomba dada amshonee kwa mkono, refu, lenye kufunika hadi uso.

"Anayelivaa ni mnene au mwembamba?" dada akauliza, pini mdomoni.

"Wa kawaida. Kama wewe tu."

"Na cherehani yangu?"

"Fundi anasema kesho."

"Huyo fundi anasema kesho tangu Jumatatu." Vidole vya dada vilikuwa vimevimba. Sare ishirini alishazishona kwa sindano ya mkono, kumi zimebaki. Hakupiga kelele. Alikuwa mwanamke wa kuufungua uzi uliojisokota badala ya kuukata, hata ikimchukua asubuhi nzima. Akamaliza gauni, akalikunja, akavaa kandambili zake za bluu, akatoka. Mapozi hakuuliza anakwenda wapi. Alikuwa anapiga viatu brashi.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi ngazini. Mapozi akafika na begi dogo na uso wa mfiwa, maana alishaona mameneja wakubwa wana uso huo. Mwenye Ukumbi akamdaka mlangoni, jasho linamtoka.

"Masharti yote nimetimiza, meneja. Taulo, maji, kila kitu. Hata la kumi na moja."

"La kumi na moja?"

"Si lile la chini, lililoandikwa kwa kalamu! Limenitesa, nimelipa na gari la kulibebea. Lakini msanii ni msanii. Ingia, keshafika."

"Nani keshafika?"

"Acha utani wako. Kivuli!"

Mapozi akafungua mlango wa chumba cha msanii. Kwenye kiti, mgongo umeziba dirisha, alikaa mtu ndani ya gauni refu, uso umefunikwa. Chini ya gauni zilichungulia kandambili za bluu. Mbele yake ilikuwa cherehani nyeusi ya mkono. Na kwenye mkoba wenye zipu mbovu, mkoba ambao Mapozi aliujua tangu utotoni, ilionekana pembe ya bahasha.

"Karibu, meneja," ilisema sauti. "Funga mlango."

Mapozi akafunga. "Dada..."

"Dada yako nani? Mimi Kivuli. Siimbi kwa ajili ya pesa, ila napokea."

"Dada, nisikilize."

"Nimekusikiliza wiki nzima. Fundi wako nimemwona, anakusalimia. Anasema cherehani yetu hajaitia jicho tangu mama alipomfukuza. Nikazunguka mji mzima, nikaikuta imekaa na friji mbovu. Mwenye duka hataki kuitoa bila pesa, na mimi sina. Narudi zangu, nikapita hapa mlangoni, nikasoma karatasi. Mwandiko naujua, nimekufundisha mimi. Nikajiambia, watu wanaoweza kutafuta maji ambayo hayajawahi kuwa moto, hawatashindwa na cherehani moja. Nikaomba kalamu. Na gauni nimelichukua pale ulipolining'iniza."

"Sasa utawatokeaje watu wote hao? Wewe huwezi kuimba!"

"Kwani hao wengine wanaimba?"

Mapozi akaukodolea macho mkoba.

"Tugawane basi," alisema. "Nusu kwa nusu."

"Beba hicho kifurushi," alisema dada. "Sare kumi zimebaki, na shule inafunguliwa kesho."

Mwenye Ukumbi akabisha hodi. Mapozi akabeba kifurushi, Mwenye Ukumbi akabeba cherehani.

Jukwaani, dada hakusalimia mtu. Akaketi, akaisogeza maikrofoni iliyokuwa inamzuia kiwiko, ikaegemea cherehani. Akaweka kitambaa, akazungusha mkono. Takataka-takataka-trrrr. Ukumbi mzima ukasogea mbele. Mikono miwili ya shati, trrrr. Pindo, trrrr. Akakata uzi kwa meno, na mtu mmoja kule nyuma akapiga kelele ya uchungu kana kwamba amekatwa yeye.

"Unasikia?" Mchambuzi alimwambia jirani yake, macho kayafumba. "Kimya kati ya mshono na mshono. Hiyo ndiyo sauti ya mji huu."

"Ni nzuri," alisema jirani, "lakini ile shoo ya kwanza ilikuwa na kitu zaidi."

"Ah, ya kwanza! Ya kwanza huwezi kulinganisha."

Sare ya saba ikakamilika, ya nane. Watu wakasimama, wakapiga kelele: "Tena! Tena!" Dada, ambaye alikuwa na wasiwasi wa kola, akashukuru kwa kichwa, akaendelea na kola.

Mapozi alikuwa pembeni mwa jukwaa, anautazama mkoba uliokuwa miguuni mwa dada. Basi lake lilishaondoka. Akawaza hivi: wakiujua ukweli itatokea fujo, mkoba utaanguka, na yeye kwenye fujo ni hodari. Akaruka jukwaani, akaikamata maikrofoni.

"Jamani, mmeibiwa! Huyu ni dada yangu! Ni fundi cherehani, hapa anashona sare za shule! Hakuna Kivuli, hakujawahi kuwa na shoo! Tiketi nimechapisha mimi mwenyewe, nikazimwagia chai!"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Cherehani ndiyo iliyoendelea, trrrr.

Mchambuzi akasimama polepole, akaitupa skafu begani. "Hakujawahi kuwa na shoo?"

"Hakujawahi!"

"Kijana, mimi nilikuwepo. Karibu na mlango."

"Na mimi nilikuwepo!" mwingine akasema.

"Mimi mbele kabisa! Tiketi hii hapa!"

Vikanyanyuka vipande mia tatu, vingine vina madoa ya chai. Na sauti moja ya kike, kali, ikatoka katikati: "Wewe ndiye hukuwepo! Mimi nilikuwa pale mwanzo mpaka mwisho, na wewe sikukuona!"

"Hakuwepo!" ukumbi ukaitikia. "Hakuwepo! Mtoeni!"

Na hilo, katika yote yaliyosemwa juu ya muziki wa mji ule, ndilo jambo moja la kweli. Hakuwepo. Walimtoa wakiwa wamembeba mikono na miguu, na kiatu kimoja kikabaki ndani. Mwenye Ukumbi alikiweka kwenye sanduku la kioo, na hadi leo watu wanakipiga picha: kiatu cha meneja asiyeelewa muziki.

Dada alitoka kwa mlango wa nyuma, sare thelathini zimekamilika kwa idadi na kwa kola. Akamkuta mdogo wake amekaa uchochoroni, chini ya lile dirisha alilolipenda.

"Utakaa hapo mpaka lini? Beba cherehani."

"Dada, mguu mmoja sina kiatu."

"Cherehani hubebwa begani."

Sare zilifika shuleni Jumatatu kabla ya kengele. Bahasha dada aliigeuza cherehani ya pili, ya kanyagio, mpya, iliyotulia kama gari la kifahari. Ile ya mama haikukaa bure: alimkalisha mbele yake mtu aliyezoea kuibeba.

Wiki iliyofuata Mapozi, ndani ya kandambili, alikuwa anazungusha mkono, trrrr, pindo la shuka la tisa. Akahisi giza kidogo, akainua kichwa. Nje ya dirisha wamesimama vijana watatu wenye kofia za sufu, wamefumba macho.

"Mimi," mmoja alinong'ona, "namsikia huyu kabla hajajulikana."

Mapozi akaacha kuzungusha. Jicho moja likaanza kung'aa, kama siku ile ya mgahawani. Akafungua mdomo.

"Vifungo," alisema dada, bila kugeuka.

Akafunga mdomo, akachukua sindano.