Jinsi Tata Kabemba Alivyopitisha Mavi ya Kuku Kizuizini

Sogeeni, enyi watu wa kambi, ninyi mliobaki na ninyi mnaongoja treni! Nyamazisheni watoto na masufuria matupu, zisikike habari za Tata Kabemba, simba wa matanuru ya Kolwezi, mshika koleo asiyeungua, aliyekwenda vitani kwa ajili ya maharagwe.

Mwaka ule mgodi ulikuwa umelala kifudifudi, mshahara umekuwa hadithi, na unga wa kampuni hauji tena. Vijana wenye fimbo waliamuru watu waliotoka Kasai waondoke, warudi kwao. Mama Tshilombo, Mkasai, jirani wa shujaa wetu, akafukuzwa akakae stesheni na mafurushi yake. Kuku wake waliporwa wote, na mlango wa banda pia. Samadi tu ndiyo iliyokosa mwizi.

Na shujaa alikwisha kushindwa pambano moja. Mtu wa tanuru huamini kwamba moto ukizidi ndipo kazi inakwenda. Basi Mama Tshilombo, kabla hajafukuzwa, alipompa mavi mabichi ya kuku wake, yangali yanafuka, aliyazika yote pamoja na mbegu, koleo juu ya koleo. Maharagwe yakachomoza, yakageuka manjano, yakafa yamesimama.

"Tata, ulipika shamba," alisema mkewe, Mignonne. "Mbegu inabakia kikombe kimoja tu. Ukichoma na hii, tutakula koleo."

"Mama," alijibu bingwa, mkono kifuani, "mi nilishindwa na moto wangu mwenyewe. Sasa naenda kutafuta mavi yenye kupoa!"

Akaingia bandani mwa jirani, akajaza gunia samadi kuukuu, nyeusi, laini kama unga, iliyokwisha kusahau hata harufu yake. Akajitwika gunia, akaelekea shambani, nje ya lango la kambi. Hapo, nyuma ya mti uliolazwa njiani, alisimama Kalombo, jemadari wa kizuizi, mtoto wa mchimbaji, na jeshi lake la ndala.

"Tata Kabemba, iko nini mu gunia?"

"Mavi ya kuku, mutoto wangu."

"Mavi bila harufu? Unatudanganya! Hii ni kobalti, Bakasai waliiba mu mugodi!"

Gunia likashikwa pande zote. Kikombe cha mwisho cha mbegu kikaning'inia juu ya shimo la njaa. Ndipo shujaa akanguruma:

"Enyi walinzi wa huu muti! Kama hii ni kobalti, basi kuku ya Mama Tshilombo yote ilikuwa mugodi, na ninyi mulikula mugodi na bukari ya unga!"

Jeshi likacheka. Kalombo hakucheka.

"Baba yangu alinifundisha," alisema kwa fahari. "Madini inajulikana na ulimi."

Akalowesha kidole, akakichovya guniani, akalamba.

Jeshi la ndala likarudi hatua moja nyuma.

"Pita, Tata," alisema jemadari, kwa sauti ndogo sana, na akatema mate mpaka jua likachwa.

Maharagwe ya kikombe kile yakapandwa katika samadi ile, yakaota, mabichi, manene, yasiyojua vita. Mignonne alichuma majani ya kwanza, akayapika, na shujaa akayapeleka stesheni, ambako treni ilikuwa bado haijafika.

Mama Tshilombo alimega bukari, akaonja, akaonja tena.

"Ni mavi ya kuku yangu, hii?"

"Ni yenu, mama."

"Kumbe kuko kitu yangu imebakia Kolwezi."

Andikeni basi, enyi watunza tarehe: katika mwaka wa kufukuzana, sahani moja ya majani ya maharagwe ilivuka vizuizi vyote vya mji huu, na ikafika ingali moto.