Mimi Sifi Sehemu ya Kwanza

Jumatatu, 9 Juni

Nimepata nafasi kwenye tamthilia! Inapigwa picha kijijini Sapiwi, nyumbani kwa mzee Machibya. Mwongozaji ni kijana wa Mwanza, Dastan, kofia kaigeuza nyuma mbele. Furaha yangu imeishia nilipotajiwa nafasi yenyewe. Bibi mgonjwa. Nafa sehemu ya kwanza ili wanangu wagombanie ng'ombe.

Filamu zote nilizocheza hapa Bariadi nimekuwa mchawi au maiti. Basi! Nina miaka sitini na tatu, meno yote yamo, pamba yangu nimeivuna mwenyewe. Kwa nini bibi wa kwenye televisheni hana kazi ila kukohoa?

Nimekubali kwa mdomo. Moyoni, sifi.

Jumanne, 10 Juni

Tumepiga kifo changu. Nimekohoa vizuri, nimefumba macho. Wanangu wakaanza kulia. Nikaketi kitandani, nikaomba ugali.

Dastan akapiga kelele: "Kata! Bibi, umekufa!"

Nikamwambia nimepata nafuu. Tukarudia. Safari hii nikashika fimbo, nikawafukuza wanangu mpaka zizini. Akina mama waliokuja kutazama wakapiga vigelegele. Nyanjige, dada yake Machibya, mjane, akanishika mkono. Akasema wanawe wameshagawana ng'ombe wake, naye bado anawakamua mwenyewe. Akaniomba nisife.

Dastan hakupiga kigelegele. Amenifukuza kazi.

Alhamisi, 12 Juni

Nafasi yangu kapewa nani? Wilhelmina! Muuza dagaa, mtu wa Lamadi. Tunaimba naye kwaya, na kila Jumapili ananizidi sauti makusudi. Anajigamba sokoni kwamba yeye kufa anakujua.

Nimemfuata mezani kwake. Nikamwamkia Kisukuma, mwangaluka mayu, umeamkaje mama, kwa adabu zote. Kisha nikamnong'oneza: anayekufa mbele ya kamera haoni mavuno ya mwakani. Uongo huo nimeutunga njiani, juu ya bodaboda. Akauliza mbona mimi nimekufa mara kadhaa na nipo. Nikamjibu ndiyo maana magoti yananiuma.

Kopo la kupimia dagaa likamtoka mkononi.

Ijumaa, 13 Juni

Imefanya kazi! Imefanya kazi kupita kiasi. Wilhelmina kaiambia kwaya, kwaya imeiambia Sapiwi nzima. Yeye kagoma kufa. Mzee Machibya kasema hakuna atakayefia kwenye mji wake, hata kwa kuigiza.

Dastan kanipigia simu mwenyewe. "Mayu, rudi." Juzi sifai, leo mayu! Nikampa sharti: nibaki hai mpaka mwisho, na nionekane kila sehemu. Akakubali haraka mno. Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka.

Jumamosi, 14 Juni

Nipo hai. Naonekana kila sehemu. Nimepooza!

Bibi kapigwa na kiharusi. Haongei, hatikisiki, kafunikwa kitenge mpaka kidevuni. Hilo si baya kuliko yote. Kumbe Wilhelmina, siku ile anagoma, alimwambia Dastan mikono kiunoni kwamba mwanamke wa umri wake ana mengi ya kufanya kuliko kulala akisubiri jeneza. Dastan kaupenda ule ukali. Kamwandikia nafasi mpya: mjane mwenye kiwanda cha kuchambua pamba, wanaume wawili wanamtaka. Kavaa miwani myeusi! Na maneno yale ni yangu, niliyasema mimi kwenye kwaya!

Leo Wilhelmina kagombeza wafanyakazi wake kando ya kitanda changu. Mimi nimelala kama gunia. Nzi katua puani. Nimemvumilia.

Jumapili, 15 Juni

Paroko kahubiri juu ya ulimi unaozua maneno. Benchi zima likanigeukia. Nyanjige naye, baada ya misa, kaniuliza kwa huzuni kama nitaamka.

Nimetafakari mchana kutwa. Kosa langu nimeliona. Nilidai uhai, nikasahau kudai sauti.

Kesho wanapiga posa ya Wilhelmina, palepale kando ya kitanda. Mwanaume atapiga goti, atauliza kama atakubali kuolewa. Wilhelmina atavuta pumzi kwanza, namjua, hawezi kusema neno bila madoido.

Hapo ndipo nitakapofumbua macho, nikae, nijibu mimi: nimekubali.