Wasifu wa Marehemu Nilioandika Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi 2025. Chamazi.
Daktari kasema moyo umechoka. Miaka themanini na moja, una haki. Gozbert, katibu wa jumuiya, kaja kunijulia hali na daftari kwapani. Ndiye huandika wasifu wa marehemu wote wa mtaa huu. Nimechungulia: “Mwalimu Kamugisha alifundisha fizikia, alipenda kusoma.” Kupenda kusoma! Mimi niliyewapeleka Waswahili Mirihi kwa riwaya, kabla mtaa huu haujapata umeme. Nitauandika mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi.
Kurasa kumi na nne. Nimefariki vizuri sana. Gozbert kasema watu watakuwa wamesimama juani, mwisho ukurasa mmoja. Wivu.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi.
Padri kaniletea majivu kitandani. Nikaungama. Dhambi za ujana zilimsinzisha. Ile moja ikamwamsha: mwisho wa riwaya yangu, ule uliowaliza wasomaji, aliuandika Demetria, mpiga taipu wangu. Mimi nilimuua rubani wa chombo cha Mirihi. Demetria, bila kuniuliza, akamrudisha nyumbani, akamkuta mama yake anachambua mchele, hata hajainua macho. Nikasoma. Nikanyamaza. Nikapeleka kwa mchapishaji. Miaka arobaini na moja ya sifa! Padri kasema nimwambie Demetria mwenyewe, kisha niungame hadharani. Basi iingie kwenye wasifu.

Ijumaa, 7 Machi.
Demetria kaja kutoka Manzese. Nimemwambia yote, kwa mpangilio mzuri, sauti ikitetemeka panapostahili. Akaniuliza, Mwalimu, mie niliyeandika ndiye wa kupewa habari? Akaongeza kwamba rubani wangu nilimchinja kama kuku wa Krismasi, ndiyo maana akamwokoa. Hanidai kitu. Anataka jina lake lisomwe siku ya maziko, wajukuu zake wasikie. Nimeapa.

Jumapili, 9 Machi.
Ungamo limekamilika. Kurasa tisa, kazi yangu bora kuliko zote. Unyenyekevu wa kiwango hiki hakuna mwandishi nchini aliyeufikia. Gozbert bado kang’ang’ania ukurasa mmoja. Nimempelekea Demetria achape na apunguze. Mwisho unachechemea kidogo. Nimemwomba aurekebishe kimyakimya, anajua namna. Na nafasi ikibana, aanze kwa kufuta jina lake. Yeye habari anayo tayari.